Mtu wa Uza Kwenye Saa ya Heri

"Nitakuuliza swali moja tu, Dipankar, na wewe utanijibu neno moja tu. Nunua. Basi. Sijakuomba figo."

Tulikuwa chumba cha vipodozi pale Televisheni ya Tijori, Lower Parel, jioni ya Diwali. Mimi nimevaa sari ya kijani yenye nyuzi za dhahabu, uzito wake kama gunia la mchele. Yeye amevaa kurta ya hariri niliyomnunulia mwenyewe, maana ukimwacha huyu mwanamume ajivalishe, hata Diwali atakuja na tai.

"Niulize kampuni nyingine," akasema. "Saruji, benki, dawa ya meno, yoyote unayotaka. Mayurdeep siwezi kuisema hewani."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Akavua miwani akaanza kuipangusa kwa pindo la kurta. Dipankar Guha akibanwa hupangusa miwani. Nimeshawahi kumwona akiipangusa mpaka kioo kikachomoka, siku Mama alipomuuliza kwa simu mshahara wake.

"Dipu, Baba amekaa pale studio sasa hivi. Amevaa suti aliyoolea. Unajua maana yake?"

"Najua."

"Hujui! Ukinyamaza, Jumapili watu wa Rajkot wanakuja kuniangalia. Kijana wao anatengeneza vigae vya chooni. Mama yake ameshaniletea sampuli, nichague rangi!"

Akaniangalia. Macho yake bila miwani ni makubwa, meusi, kama ya mtoto aliyeamshwa usingizini, na moyo wangu, huu mjinga, ukalegea papo hapo. Nikaukaza.

"Jigisha," akasema taratibu, "ningekuwa na uwezo wa kulisema hilo neno, ningelisema mara mia."

"Basi nenda ukauoe huo ukweli wako! Uwe unakupikia!"

Nikatoka nikabamiza mlango. Kwa bahati mbaya pindo la sari lilibaki ndani, ikabidi nigonge nifunguliwe. Akalitoa pindo, akanikabidhi kwa adabu, akafunga mlango tena.

Sasa msomaji, ili usinione mimi ndiye mkorofi, ngoja nikupe habari tangu mwanzo.

Mimi ndiye Jigisha Vora. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayeamka mapema kusubiri soko la hisa lifunguliwe, unanijua. Kazi hii nilianza kwa kusoma bei za vitunguu kutoka soko la jumla la Vashi, nimesimama juu ya magunia na kipaza sauti, na sisi kwetu ni Wajaini, kwa dini yetu nyama, samaki, hata vitunguu haviingii ndani. Mama alikuwa ananiangalia kwenye TV huku ameziba pua. Kutoka vitunguu nikapanda chuma, kutoka chuma nikapanda mabenki, sasa nina kipindi changu na picha yangu imebandikwa barabarani, imechorwa masharubu. Wazee wa jengo letu Ghatkopar wanafanya biashara kwa kuangalia nguo zangu. Nikivaa kijani wananunua, nikivaa nyekundu wanauza. Nimewaapia kwamba nguo nachaguliwa na Freny, mtayarishaji wangu, naye huchagua kwa kutazama ipi imerudi kutoka kwa dobi. Wapi! Siku niliyovaa zambarau walinipigia simu wote.

Kazi yetu ina sharti kubwa. Mimi ninayeimba habari za hisa kutwa sina hata hisa moja, hairuhusiwi. Na yeyote anayeketi pale kuizungumzia kampuni, kwanza atangaze maslahi yake. Unazo hisa zake? Mkeo anazo? Baba yako? Wachambuzi wengi hulipita sharti hilo mbio mbio kama watoto wanaonawa mikono. Dipankar hapana. Yeye aliwahi kutangaza, mbele ya taifa zima, kwamba shangazi yake wa Kolkata anapenda mno biskuti za kampuni inayojadiliwa, kwa hiyo watazamaji wayapokee maneno yake kwa tahadhari.

Siku hiyo ndipo nilipompenda. Nisiwadanganye.

Wakati huo alikuwa bado Kolkata, tunaongea kwa laini ya mbali, na laini ile ilikuwa inachelewa. Nikimtania, namwona kwenye kioo cha televisheni ameganda kama picha ya kitambulisho, halafu baadaye kidogo, ndiyo tabasamu linafika. Nilizoea kulisubiri. Freny akawa ananipigia kelele sikioni, "Jigu, mbona umenyamaza? Unasubiri nini?" Namsubiri mtu acheke, mama, niache.

Na mimi pia nilikuwa natii sharti. Kila Mayurdeep ilipotajwa nilisema: "Natangaza kwamba baba yangu mzazi ana hisa za kampuni hii." Hivyo ndivyo nchi nzima ilivyomjua Navinchandra Vora.

Mayurdeep wanatengeneza sufuria za presha, zile zinazopiga mluzi. Baba ni dalali mstaafu wa hisa, wa zama zile walipokuwa wanauziana kwa kupiga kelele uwanjani, na sauti ile hakuistaafisha. Akiomba chumvi mezani, jirani wa ghorofa ya pili anainuka. Alinunua hisa zake za kwanza za Mayurdeep Diwali ya mwaka niliozaliwa. Nyumbani alikuwa na watoto wawili, mimi na Mayurdeep, na Mayurdeep haikuwahi kumjibu.

Ndipo siku moja, hewani, kwenye kipindi changu mimi, Dipankar Guha aliulizwa kuhusu Mayurdeep akasema, "Uza."

Baba alizima TV akakataa chai. Kwetu mtu kukataa chai ni msiba.

"Mla samaki!" alinguruma. "Mla samaki ameniambia niuze Mayurdeep! Anajua nini huyo? Nauapia moto wa jiko hili, siuzi! Nitazikwa nazo!"

"Sisi tunachomwa, Navin," Mama akamkumbusha.

"Basi nitachomwa nazo!"

Kilichomuudhi zaidi si kwamba Dipankar alisema. Ni kwamba Mayurdeep ilianguka kweli, ikaanguka tena, ikaendelea kuanguka, na wazee wa jengo wakawa wanampisha Baba kwenye ngazi kwa upole wa kufiwa. Tangu hapo jina la Dipankar nyumbani kwetu likawa Mtu wa Uza.

Sasa fikiria mimi nikaenda kumwambia mzee huyo kwamba Mtu wa Uza amehamia Mumbai kwa ajili yangu na anataka kunioa.

"Anakula samaki," Baba akasema.

"Ameacha, Baba. Ameacha hadi vitunguu."

"Nani kamwambia aache? Mtu anayeacha chakula cha mama yake kwa sababu ya msichana, kesho atamwacha msichana kwa sababu ya chakula!"

"Baba jamani! Akila kosa, asipokula kosa?"

"Leo kaiuza Mayurdeep, kesho atakuuza wewe. Mtu ni wa kununua na kushikilia, Jigu. Kama mimi. Wavulana wenye malezi wapo, mbona? Yule kijana wa dhokla je?"

Kijana wa dhokla! Huyo ndiye alikuwa mwiba wangu. Kila mwaka Mayurdeep hufanya mkutano mkuu wa wanahisa, na kila mwanahisa hupewa boksi la vitafunio, chatini na dhokla, vile vikeki vya unga wa dengu. Wazee wa Ghatkopar huvaa vizuri na kwenda kusikiliza hotuba, wanasema, lakini mwenyekiti akiongea sana utawaona shingo zote zimeelekea mlango wa maboksi. Mwaka jana, wakati taa zimezimwa ili waonyeshwe filamu ya sufuria mpya, kijana mmoja aliyekaa nyuma ya Baba alimpitishia boksi lake zima begani. Baba alirudi nyumbani anang'aa.

"Sikuuona hata uso wake! Taa zilipowashwa alikuwa ameshaondoka. Sauti tu, na mkono. 'Chukua mzee wangu, mimi nimeshiba.' Heshima hiyo! Ningejua kwao ni wapi, ningempa Jigu siku ile ile."

Nikawa nashindanishwa na mkono.

Mwishowe Mama, ambaye hupenda mambo yaishe apumzike, akasuluhisha. Saa ya heri inakuja. Jioni ya Diwali soko hufunguliwa kwa saa moja tu, watu wananunua kidogo kwa baraka ya mwaka mpya, hakuna anayeuza mwenye akili zake. Tijori hualika familia zetu studio. Mtu wa Uza naye atakuwepo. Basi aulizwe kuhusu Mayurdeep, mbele ya Baba, mbele ya nchi. Akisema neno jema, Baba atamkaribisha chai. Asiposema, ni watu wa vigae.

Mnajua sasa kwa nini nilibamiza mlango.

* * *

Studio ilikuwa imejaa maua ya manjano na taa za mafuta, ingawa zile za mafuta Freny aliamuru zizimwe baada ya king'ora cha moto kulia katikati ya tangazo la sabuni. Familia zilipangwa kwenye viti upande wa kushoto. Baba mbele, suti imembana mpaka anapumua kwa zamu. Mama kando yake na sinia la peremende za korosho, anamgawia kila mpiga picha aliyekaribia, kwa hiyo wapiga picha wote walikuwa wamekaribia.

"Nisikilizeni," Freny akasema. Freny ni Mparsi, mfupi, sauti ya kuongozea meli. "Kwenye studio yangu saa hii nisilisikie lile neno. Mnalijua. Atakayelisema ataninunulia chakula cha mwezi mzima, na mimi nakula. Dipankar, nakutazama wewe."

"Sitalisema," Dipankar akajibu.

Alikaa kwenye kiti cha wageni, mkono mmoja tu kutoka kwangu. Sikumwangalia. Nilimwangalia kwenye kioo, kama zamani. Naye alikuwa ananiangalia kwenye kioo. Tukakutana macho humo humo, mimi nikayatoa haraka nikajitia kusoma karatasi zangu, nazo zilikuwa juu chini.

Kengele ikalia, soko likafunguliwa. Nikatabasamu kwa kazi.

Wageni wakaanza kutaja hisa zao za heri. Bwana mmoja akasema nunua saruji. Bibi mmoja akasema nunua benki. Kila mmoja akapigiwa makofi na Mama, ambaye hakuwa anasikiliza, alikuwa anapiga tu. Nikamruka Dipankar. Nikaenda kwenye hali ya hewa ya soko, nikarudi, nikamruka tena. Nilisema moyoni, kama sitamuuliza, hatashindwa. Nikaenda tangazo, nikarudi, nikamuuliza bwana wa saruji habari za saruji kwa mara ya tatu, masikini akaishiwa.

"Jigu," Freny akasema sikioni, "unachimba msingi wa nyumba? Mpe baba yako kipaza sauti. Watazamaji wanamuulizia tangu saa ianze."

"Hapana," nikanong'ona.

"Ameshapewa."

Nikageuka. Baba amesimama. Kipaza sauti amekishika, ingawa mtu yule kumpa kipaza sauti ni kuiongezea bahari maji.

"MIMI NAITWA NAVINCHANDRA VORA!" akasema, na jamaa wa mitambo wakavua vile vidude vya masikioni wote kwa pamoja. "Swali langu ni kwa huyu bwana mwenye miwani. Mayurdeep. Leo, saa ya heri. Unasemaje?"

Hata Mama aliacha kugawa peremende.

Dipankar akavua miwani. Nikajua yamekwisha. Nikaona vigae, vyeupe, vyenye maua ya buluu pembeni.

Lakini hakuipangusa. Aliiweka mezani.

"Mzee wangu, kabla sijajibu, inabidi nitangaze maslahi."

"Tangaza haraka, tuna dakika chache," Freny akasema, kana kwamba Dipankar anamsikia.

"Mimi nina hisa za Mayurdeep," Dipankar akasema. "Nina moja."

Bwana wa saruji akaguna. Nikamgeukia. Huyu, aliyewaambia watu watoke, yeye akaingia? Mchambuzi anayefanya hivyo kimyakimya anapoteza jina, na mchambuzi hana kingine ila jina.

Mpenzi ndani yangu alitaka kulia. Lakini mtangazaji huwahi kabla ya mpenzi, na swali lilinitoka lenyewe.

"Uliinunua lini, Bwana Guha?"

"Baada ya kuwaambia watu waondoke. Na tangu niinunue sijafungua mdomo kuhusu Mayurdeep, hewani wala faragha. Kuna mtu amenikasirikia sana kwa hilo, jioni ya leo hii."

"Na kwa nini ununue kitu ambacho mwenyewe umekikataa?"

"Kwa sababu mwenye hisa hata moja anaalikwa kwenye mkutano mkuu. Na mzee huyu hakosi mkutano mkuu. Nilitaka nimsalimie. Nimwambie mimi ni nani, nimwombe radhi, halafu nimwombe... nimwombe jambo jingine."

"Ukamsalimia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nilimsikia akiongea na jirani yake habari zangu. Nikaogopa. Nikakaa nyuma."

Baba alikuwa amesimama vile vile, kipaza sauti kimemganda mkononi. Akasema polepole, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, kwa sauti ya kawaida ya binadamu:

"Nyuma yangu?"

"Nyuma yako, mzee wangu."

"Taa zilipozimwa..."

"Boksi lako lilikuwa limekwisha, ukawa unalikung'uta."

Mama akashika mdomo. Baba akamkazia macho Dipankar kama anayemkagua shahidi wa kukodi.

"Chatini," akasema. "Nilisema nini kuhusu chatini?"

"Ya kijani? Ulisema imepungua chumvi. Halafu ukaimaliza."

"Mungu wangu," Baba akasema. "Mkono!"

"Mkono gani? Nani ana mkono?" Freny akauliza sikioni. "Jigu, nini kinaendelea? Hapana, usinijibu. Endelea tu! Tangazo la sabuni lisubiri, waoge kesho!"

"Sijamaliza kutangaza," Dipankar akasema. Aligeuka akaniangalia. Si kwenye kioo. Mimi mwenyewe, usoni. "Maslahi yangu ya pili ni makubwa kuliko ya kwanza. Nampenda binti wa mwanahisa huyu. Nimempenda tangu Kolkata. Usiku nikirudi nyumbani naweka marudio ya kipindi chake, hata siku za bei za chuma, na mimi chuma sikipendi. Kwa hiyo, watazamaji, neno langu lolote juu ya Mayurdeep msilifuate. Nikisema jema, nitakuwa namtaka yeye. Ndiyo maana sikuweza, Jigisha. Sikuwa naringa."

Nilisahau kamera. Nilisahau mwaka mpya. Nilikuwa nalia na wanja wangu wote unashuka kuelekea kwenye sari aliyonichagulia Freny.

"Na mimi nitangaze," akasema mtu.

Alikuwa Mama. Kamnyang'anya Baba kipaza sauti.

"Manju, kaa," Baba akasema.

"Sikai. Navin, unakumbuka zile hisa za Mayurdeep ulizoziandika kwa jina langu? Sina. Niliziuza."

Freny akapiga yowe sikioni kwangu, kwa sababu ya lile neno.

"Uliziuza!" Baba akashika kifua. "Lini?"

"Siku ile ile. Wewe ulipozima TV, nilikwenda kwa mama Shah ghorofa ya chini nikamalizia kumsikiliza. Niliona kijana anaongea maneno ya maana, anatoa sababu zake moja moja, wala hapigi kelele. Nikanunua bangili. Zipo ndani ya pipa la unga, za harusi ya Jigu."

"Miaka miwili unaniangalia naomboleza, na wewe una bangili kwenye unga?"

"Ulikuwa unaomboleza vizuri, sikutaka kukukatiza."

Watu wakaangua kicheko, wapiga picha wakawa wanatikisa kamera. Baba hakucheka. Alikaa chini taratibu, suti ikalalamika. Aliangalia mikono yake. Halafu akanyoosha mkono kwa Mama kuomba kipaza sauti, na nilipoona uso wake nikaogopa, maana baba yangu sijawahi kumwona na haya.

"Basi na mimi," akasema.

"Na wewe nini, Baba?"

"Natangaza. Wiki iliyofuata. Niliuza."

"Ngapi?" Mama akauliza kwa ukali.

"Zote." Akakohoa. "Ikabaki moja. Ya mkutano."

"Ya dhokla," Mama akasema.

"Ya mkutano, Manju!"

"Baba!" Nilisimama, karatasi zangu zikamwagika. "Miaka miwili nasimama hapa naliambia taifa kwamba baba yangu ana hisa za Mayurdeep!"

"Hukudanganya. Ninayo. Moja si hisa?"

"Na huyu ulimkataa kwa sababu alikuambia uuze, na wewe ukauza?"

"Ndiyo hasa sababu!" Sauti yake ya uwanjani ikamrudia. "Mkwe akikosea, unamsamehe, mnaishi. Mkwe aliyekuwa sahihi utaishi naye vipi? Kila nikimwona kwenye kioo namwona ananijua! Jengo zima nimewaambia nitachomwa na hisa zangu. Ningeweka wapi uso?"

Dipankar aliinuka kwenye kiti chake, akavuka sakafu na waya zake zote, akainama akagusa miguu ya Baba kwa heshima.

"Mzee wangu, mimi sikujui," akasema. "Niliona mgongo tu."

Baba akamtazama kichwani. Mama akamchoma na kiwiko.

"Inuka," Baba akasema. "Hujanijibu swali. Mayurdeep, bila maslahi. Unasemaje?"

Nikamkodolea Dipankar macho. Sema nunua, mpenzi wangu. Sasa hivi, hapa, umebakiza hatua moja tu, sema uongo mmoja mdogo na nitakuombea msamaha maisha yangu yote.

"Sufuria zao ni nzuri sana," Dipankar akasema. Akapangusa jasho. "Kampuni, bado."

"Ana kichwa kama jiwe la kusagia," Baba akamwambia Mama.

"Na wewe je?" Mama akamjibu. "Mimi niliyeolewa na jiwe zima nimekufa?"

"Na hiyo hisa yako moja, utaitupa?"

"Siitupi," Dipankar akasema. "Hata ikifika sifuri."

"Mjinga. Ikifika sifuri hawatatoa maboksi." Baba akajiweka sawa tai, akaangalia pembeni, akaangalia dari, kisha akasema haraka, kama mtu anayemeza dawa: "Mkutano wa mwakani usikae nyuma yangu. Kaa kando yangu. Na boksi lako uje nalo."

Nilisikia Freny akipenga kamasi sikioni kwangu, kwa sauti ya radi.

"Na watu wa Rajkot?" nikauliza, nikimwangalia Mama.

"Nitawaambia soko limefungwa."

Dipankar alikuwa bado amesimama pale, ameganda, uso hauna kitu, kama picha ya kitambulisho. Maneno ya Baba yalikuwa yanasafiri kumfikia. Nikasubiri, nilishazoea. Na tabasamu lilipofika, lilifika lote, lenye meno na machozi, hatua mbili tu kutoka nilipo, na sikuwa na haja tena ya kulitafuta kwenye kioo.

Kengele ya kufunga ikalia. Ilinibidi nisome bei za mwisho, wanja ukiwa kidevuni, na nikazisoma. Saruji imepanda kidogo. Benki zimepanda kidogo. Halafu nikafika Mayurdeep, nikanyamaza.

"Soma," Freny akasema. "Ndiyo, nami nimeona. Soma!"

Nchi nzima ilikuwa inatutazama. Nchi nzima ilikuwa imeonywa na mchambuzi kwamba kampuni bado. Na nchi nzima, jioni ya heri, kwa sababu ya sufuria na dhokla na kijana aliyekaa nyuma, ilikuwa imekwenda kununua Mayurdeep, kila mtu hisa yake moja.

"Mayurdeep," nikasoma, "imepanda kuliko zote sokoni."

Baba aligeukia kioo. Akaiona ile bei. Akahesabu kwa midomo, na kadiri alivyohesabu ndivyo uso ulivyozidi kuiva.

"IMEPANDA!" alinguruma. "Imepanda! Na mimi nilishauza! Nani aliniambia niuze? Wewe! Wewe Mtu wa Uza, mla samaki wewe, njoo hapa!"

Akamkamata Dipankar mkono, akamvuta katikati ya wapiga picha na maua na peremende za Mama, akimfokea habari za Mayurdeep, ya mwaka niliozaliwa, ya bei ya siku ile, ya vijana wa siku hizi wasiojua kushikilia kitu. Alimfokea mlangoni, akamfokea kwenye lifti, tulimsikia akimfokea mpaka chini barabarani, na mkono wake hakuuachia.